Ngazi ya Pili, Shangazi

Siku ya mahafali, getini pa chuo hapakuwa na pa kutia mguu. Wapiga picha walivutana na wazazi, wauza maua walivutana na wapiga picha, na wahitimu wenyewe, wakipikwa na jua ndani ya majoho meusi, walikuwa wanawatafuta mama zao kwa simu zisizoshika mtandao. Katikati ya vurugu hiyo alisimama dada mmoja mwenye gauni la njano na viatu vya chini, kibao cha kuandikia mkononi, akimsimamisha kila aliyevaa joho.

Ofisini walimwita Dodoso, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa maswali. Alifanya kazi katika idara ya chuo inayofuatilia wahitimu. Siku ya mahafali mhitimu huulizwa anatarajia mshahara wa kiasi gani, na mwaka ukipita hupigiwa simu aseme anapata kiasi gani hasa. Mshahara haukutajwa kwa fedha bali kwa ngazi, kuanzia ya kwanza, ambayo ni ya kula na kulala, hadi ya sita, ambayo ni ya kuwa na gari na mtu wa kuliosha. Sheria ya kazi ilikuwa moja tu. Mhojiwa aseme lolote atakalosema, wewe hucheki, huguni, hushangai. Unasema, "Asante, nimeandika."

Basi akatokea kijana mrefu ambaye joho lake lilikuwa refu kuliko yeye. Alikanyaga pindo lake mwenyewe, akapepesuka, kofia ikaruka, na kama si kibao cha Dodoso kumkinga kifuani angemwangukia mzima mzima.

"Samahani sana, dada."

"Usijali. Umehitimu nini?"

"Uzamili. Ushauri nasaha kwa wanafunzi."

"Hongera. Baada ya mwaka mmoja unatarajia mshahara wako uwe ngazi gani?"

Kijana akaokota kofia, akaipiga vumbi, akamtazama. "Wewe unanionaje? Wa ngazi gani?"

"Mimi sioni, kaka. Mimi naandika."

"Basi andika sita."

"Sita?"

"Ya tano, nikiwa mgonjwa."

Dodoso akajing'ata mdomo kwa ndani. Katika miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kukaribia kucheka namna ile. "Asante, nimeandika. Namba ya simu?"

Akaitaja taratibu, kama mtu anayetaka ikumbukwe. "Sasa na mimi nipe yako."

"Utaratibu ni sisi kupiga."

"Baada ya muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Mwaka! Dada, si utanikuta nina mvi?"

"Hilo halimo kwenye maswali," alisema Dodoso, akamgeukia mhitimu mwingine ili asionekane anatabasamu.

Utaratibu ulisema mwaka. Dodoso alimpigia jioni ile ile, kuhakikisha tu, alivyosema, kama namba ameiandika sawasawa. Uhakikisho huo ulichukua saa nzima na salio lote.

Ukawa ndio mwanzo wao. Kijana alikuwa mwalimu katika shule moja ya sekondari, na baada ya shahada ile alipewa kazi mpya ya kuwasikiliza wanafunzi wenye matatizo. Wanafunzi walimbatiza jina la Mwalimu Unahisije, maana huko alikosoma alifundishwa kwamba mshauri mzuri hatoi jibu. Anamrudishia mwenye shida swali lake mpaka mwenyewe alione jibu. Alifuzu somo hilo vizuri mno. Ukimuuliza saa ngapi, atataka kujua kwanza kwa nini saa inakuhangaisha.

Mwanzoni Dodoso alilipenda hilo. Alikuwa hajawahi kupata mwanamume anayemuuliza chochote, achilia mbali anayengoja jibu.

"Haloo, laazizi," sauti ilikuwa ikisema kila jioni, Dodoso anapotoka kazini.

"Haloo, ndugu mhojiwa. Kwa kipimo cha moja hadi tano, leo umenikosa kiasi gani?"

"Saba."

"Saba haipo."

"Basi andika pembeni."

"Hatuandiki pembeni, mpenzi. Inaharibu takwimu."

"Ziharibike!"

Na Dodoso alikuwa akicheka peke yake njiani mpaka watu wampishe.

Kuhusu ndoa, Unahisije alikuwa na neno moja. Ngoja barua ya kupandishwa mshahara itoke. Shahada si ipo? Cheo si kipo? Mshahara ukipanda tu, kesho yake yuko kwa shangazi wa Dodoso na ujumbe wake wa posa. Dodoso akangoja. Zikapita mvua, likaja jua, na barua ikaacha kutajwa. Akiuliza, "Mpenzi, ile barua imefikia wapi?" anajibiwa, "Unapoiwaza hiyo barua, kipenzi, nini kinakujia moyoni?" Kilichomjia moyoni hakikufaa kusemwa kwenye simu.

Mwishowe shangazi ndiye aliyechoka. Shangazi huyo ndiye aliyemlea Dodoso tangu mama yake afariki. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyezoea kwamba yeye akisema sukuma, kitu kinatoka. Akaagiza huyo kijana aletwe Jumapili, chakula cha mchana.

Unahisije alikuja na suti ya kijivu, tai nyekundu, na viatu ambavyo ungeweza kujitazama ukachana nywele. Alisifu chakula, akasifu mapazia, akaongezewa kuku mara mbili. Dodoso, ndani ya gauni lake la bluu la kutokea, akaanza kupumua. Ndipo shangazi akajifuta vidole na kuegemea kiti.

"Mwanangu, kazi yako nimeielewa. Sasa niambie, huo mshahara wako ukoje?"

Uma wa Unahisije ukasimama hewani. Akameza, akaweka uma chini, akakutanisha vidole vyake kama alivyofundishwa.

"Shangazi, nasikia kwamba suala la mshahara lina uzito kwako."

"Eeh?"

"Unapouwazia mshahara wangu, unahisije?"

Dodoso akafumba macho.

"Nahisi," shangazi alisema polepole, "kwamba nimekuuliza swali."

"Na hali hiyo inakukumbusha nini?"

"Inanikumbusha daktari mmoja tuliyekuwa naye wodini. Hatukupatana." Akamgeukia Dodoso. "Mwanangu, huyu mgeni wako ni mzima? Nimemuuliza anapata kiasi gani, ananitibu!"

Matunda yaliliwa haraka. Dodoso alimsindikiza hadi chini ya ngazi za jengo, na walipofika kwenye masanduku ya barua hakuweza kujizuia tena.

"Umenidhalilisha mbele ya mtu aliyenilea."

"Nasikia hasira katika sauti yako."

"Huisikii, unaiona! Si hii hapa, imevaa gauni la bluu!" Sauti ikapanda ngazi zote hadi ghorofa ya juu. "Kila siku napiga simu kwa watu wasionijua. Wananitajia mishahara yao, na madeni juu, na wengine wanalia. Wewe uliyekula kwenye sahani zetu unanificha! Kwani mimi nimekuomba pesa? Nimekuomba jibu."

Unahisije akalegeza tai.

"Nikuulize jingine basi, jepesi kuliko yote. Unanipenda?"

Hapo mtu mwingine yeyote angejiokoa. Lakini Unahisije alikuwa ameogopa, na mtu akiogopa hukimbilia alichokizoea.

"Wewe unaonaje?" alisema.

Dodoso akamgeuzia uso. Machozi yalikuwa karibu na hakutaka yaonwe. "Siku utakayoweza kunijibu swali moja bila kunirudishia swali," alisema, "nitafute. Kabla ya hapo, namba yangu ifute."

Akapanda juu, akajifungia chumbani, akalia mpaka mto ukalowa upande mmoja, akaugeuza akalia upande wa pili. Alimpenda yule mwanamume, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alitamani kuishi naye. Lakini angeishije na mtu ambaye nyumba ikiwaka moto atamuuliza moshi unamaanisha nini kwake?

Unahisije alipiga simu, hazikupokelewa. Akatuma ujumbe. "Unaendeleaje?" Dodoso akaona ni swali, akafuta. "Umekula?" Akafuta. "Bado una hasira na mimi?" Huo aliusoma mara mbili kwanza, ndipo akaufuta.

Mwaka ukafika. Idara ikaanza kuwapigia simu wahitimu wote wa mahafali yale, na chumba cha ofisi kikajaa sauti zikiuliza jambo moja kwa midomo tofauti. Programu moja tu ilikwama, uzamili wa ushauri nasaha kwa wanafunzi. Waliosoma walikuwa wachache, na kwa utaratibu wa idara wastani wa mishahara yao usingetangazwa mpaka wajibu wote. Walikuwa wamejibu wote isipokuwa mmoja. Na nje kulikuwa na waombaji wapya waliotaka kujua kama shahada hiyo inalipa kabla hawajauza vitu vyao walipe ada.

Kazi ya kumhoji huyo mmoja alipewa Baba Pacha, mzee wa meza ya jirani, mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Dodoso akajifanya anapanga kalamu. Alimsikia Baba Pacha akianza kwa kishindo, "Ndugu, umeajiriwa?" Kisha, "Mimi? Mimi kuajiriwa kwangu kunamaanisha... aisee, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza." Baada ya nusu saa Baba Pacha alikuwa amegeukia ukuta, akisimulia jinsi mkewe asivyomsemesha tangu pacha wao waanze shule. Alipokata simu macho yalikuwa mekundu.

"Umepata mshahara?" aliuliza bosi wao.

"Sijapata," alisema Baba Pacha, akijipangusa. "Lakini nimepata nafuu. Naomba niwahi nyumbani leo."

Bosi wao waliyemwita Mama Wastani alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, ambaye chochote ukimwambia anataka kujua ni asilimia ngapi. Akaja kusimama mbele ya meza ya Dodoso.

"Mpigie wewe."

"Siwezi, bosi. Sheria inasema usimhoji mtu mnayejuana."

"Mlikuwa mnajuana. Si mmeachana?"

"Tumeachana, lakini..."

"Basi ni mhitimu kama wahitimu wengine. Na mimi nitakuwa kwenye laini nasikiliza, kazi isije ikageuka mambo mengine." Akavuta kiti, akavaa hedfoni yake, akakunja mikono.

Dodoso alipiga. 

"Haloo?" Ile ile sauti.

"Habari za mchana, ndugu mhojiwa. Napiga kutoka idara ya kufuatilia wahitimu. Mazungumzo haya yanasikilizwa kwa ajili ya ubora."

"Dodoso? Ni wewe?"

"Ndugu mhojiwa, kwa utaratibu wetu anayeuliza ni mmoja. Ukijibu swali kwa swali, nalazimika kukata. Tunaelewana?"

Alimsikia akivuta pumzi. Alimjua vizuri kiasi cha kumwona anavyolegeza tai.

"Tunaelewana," alisema.

"Umeajiriwa?"

"Un..." Akajikamata. "Ndiyo."

"Cheo?"

"Mshauri nasaha wa shule."

"Umepewa ofisi?"

"Nimepewa. Ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Nyavu bado zipo. Mtu akilia sana nampa mpira aushike."

Mama Wastani akakohoa. Dodoso akajing'ata mdomo kwa ndani, mahali pale pale pa siku ile ya getini.

"Asante, nimeandika. Mshahara wako wa sasa uko ngazi gani?"

Dodoso alisikia kengele ya shule, na vishindo vya miguu vikipita nje ya mlango wake. Angeweza kukata. Utaratibu ulimruhusu. Badala yake akaibana simu sikioni, akangoja.

"Ya pili," alisema Unahisije.

"Rudia, tafadhali."

"Ngazi ya pili. Kabla sijasoma nilikuwa ya tatu."

Kalamu ikamponyoka Dodoso. "Umeshuka?"

"Nimeshuka. Nilipokuwa mwalimu wa kawaida nilikuwa na posho ya masomo ya jioni. Waliponipa cheo wakasema mshauri hafundishi jioni, posho ikakatwa, na mshahara wenyewe wakauacha ulipokuwa. Ile barua niliyokuwa naisubiri ilitoka zamani. Ilikuwa barua ya pongezi. Nilikwambia sita, Dodoso. Siku ya kwanza, mbele ya watu, nikakwambia sita. Ningekujaje kwenu na mbili? Nimesoma miaka miwili ili nishuke ngazi. Niliona aibu. Sikuwa nakuficha pesa, nilikuwa najificha mwenyewe."

Sheria ilisema hushangai, huguni. Dodoso akashika meza. Hasira aliyokuwa ameibeba muda wote ule ilimtoka mara moja, ikamwacha na huruma, na juu ya huruma hamu ya kukimbia hadi kwenye ile stoo ya mipira.

"Asante," alisema, sauti nyembamba. "Nimeandika. Ukirudishwa nyuma, ungeisoma shahada hii tena?"

"Ndiyo."

"Sababu?"

"Ziko mbili. Asubuhi nikifungua mlango nakuta wanafunzi wamepanga foleni, na wengine wakitoka wanatembea vizuri kuliko walivyoingia. Hiyo ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Nisingeisoma nisingevaa joho. Nisingevaa joho nisingejikwaa."

Mama Wastani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Baba Pacha, ambaye alisema anawahi nyumbani, alikuwa bado mlangoni na begi lake.

"Nina swali la nyongeza," alisema Dodoso. "Halimo kwenye orodha." Akamtupia bosi jicho. Bosi alikuwa anatazama dari. "Nililiuliza siku ile kwenye masanduku ya barua. Nalirudia kama lilivyo."

"Ndiyo. Nakupenda," alisema Unahisije. "Sana. Nimemaliza, sina la kuongeza na wala sikuulizi unahisije."

Sasa machozi yalikuja yenyewe, na yalidondokea kwenye kompyuta ya chuo. Ila dodoso lina mwisho wake, na Dodoso hakuwahi kuacha mahojiano nusu.

"Mwisho kabisa, ndugu mhojiwa. Je, wewe una swali lolote kwa mhojaji?"

"Naruhusiwa?"

"Hilo tayari ni moja."

"Basi naomba la pili. Nikija kwenu kukuposa, na ngazi yangu hii niliyonayo, utakubali?"

Dodoso alijifuta pua. Siku nyingi alikuwa na jibu lake la kisasi, amelitunza, linangoja nafasi.

"Wewe unaonaje?" alisema.

Upande wa pili kulisikika kitu kikianguka, bila shaka mpira. "Dodoso, usinifanyie hivyo!"

"Mhojaji!" Mama Wastani alipiga meza kwa kiganja. "Utaratibu unasema swali la mhojiwa lijibiwe, kwa kifupi na kwa ukweli!"

"Ndiyo," alisema Dodoso, akicheka na kulia kwa pamoja. "Andika ndiyo, laazizi. Andika na pembeni."

Baba Pacha alipiga makofi peke yake mpaka wenzake wakamfuata. Mama Wastani alingoja yaishe, kisha akavua hedfoni. "Hongereni. Ila huyo mchumba wako ametushushia wastani wa programu nzima. Nimesema tu."

Jumapili iliyofuata Unahisije alirudi kwa shangazi. Suti ile ile ya kijivu, tai ile ile nyekundu. Dodoso alimfungulia, akamnyoosha kola, akamnong'oneza, "Kumbuka, huulizi." Akaitikia kwa kichwa. Shangazi alikuwa amekaa kiti chake, uso umekazwa, mikono juu ya magoti. Kabla hajakaribishwa wala hajakaa, mgeni akasimama wima katikati ya sebule.

"Ngazi ya pili, shangazi! Nilikuwa ya tatu, nikasoma, nikashuka."

Shangazi akaruka. "Mungu wangu! Sijauliza bado! Hata shikamoo hujanipa!"

"Shikamoo, shangazi. Ngazi ya pili."

"Marahaba, nimesikia. Kaa chini kabla hujaanguka." Akamkagua toka viatu hadi tai. "Na ukashuka kweli? Kwa kusoma?"

"Kweli, shangazi."

"Mimi nimezalisha wanawake wa mji huu wote, na pensheni yangu hata ngazi haijafika. Iko chini, inatazama ngazi." Akatikisa kichwa. Kisha, labda kwa sababu kijana alikaa akamtazama na kutulia, bila kuuliza kitu, shangazi akaendelea. Akasema habari za pensheni. Zikaja habari za wodini, na zile za marehemu mumewe, ambazo Dodoso hakuwahi kuzisikia tangu azaliwe. Unahisije hakusema neno. Alisogeza tu kiti karibu. Chakula kikapoa, kikapashwa, kikapoa tena, na shangazi akalia kidogo, akacheka sana, akaomba maji.

Alipomaliza alijipangusa uso na pindo la nguo, akashusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Na kazi hii," aliuliza, "mtu akikufuata hapa nyumbani kama mimi hivi, unamtoza kiasi gani?"

"Bure, shangazi. Kwa familia ni bure."

Shangazi akamgeukia Dodoso, aliyekuwa ameshika mkono wa mchumba wake chini ya meza akidhani hakuna anayeona.

"Basi tumejua kwa nini yuko ngazi ya pili," alisema. "Mpakulie, ale. Na tarehe mnitajie leo leo, msije mkaniuliza mimi nahisije."